Miaka 18 Barcelona, 21 Miami: ruhusa ya nani?

Meli ya Royal Caribbean, kampuni ya safari za kitalii za baharini, inayompokea kijana wa miaka 18 peke yake Barcelona wakati wa kiangazi inaweza kumkatalia kijana huyohuyo Miami majira ya baridi yakifika. Meli ni ileile, vitanda ni vilevile. Kilichobadilika ni bandari tu. Safari ikianzia Amerika Kaskazini, kampuni hiyo inataka kila chumba kiwe na mtu mwenye miaka 21 au zaidi. Ikianzia Ulaya, 18 inatosha. Carnival, kampuni nyingine ya aina hiyo, ni wakali zaidi: aliye chini ya 21 sharti awe na mtu mzima wa familia au mlezi aliyetimiza 25.

Familia zetu zilizoko Marekani hukutana na jambo hili mtoto akishaingia chuo, pale anapotangaza kwamba likizo ya Machi anaenda Bahamas na wenzake. Mzazi aliyezoea mambo ya nyumbani anakimbilia karatasi: nikiandika barua ya kumruhusu, ikapigwa muhuri wa notari, si yatosha? Haitoshi. Barua hiyo ina kazi kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 anayesafiri na shangazi au rafiki wa familia: inaeleza kwamba wazazi wamekubali asafiri, kwamba anaweza kutibiwa kwa dharura, na kwamba huyo mtu mzima anaweza kumsainia fomu za michezo ya melini. Kwa kijana wa miaka 19 anayetaka chumba chake, barua haizibi pengo la mtu mzima anayetakiwa kuwemo chumbani.

Kampuni zina hoja, na mtu asiidharau. Tangu 1984 sheria ya shirikisho la Marekani inayakata fedha za barabara majimbo yanayoruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe, na majimbo yote yakafuata. Meli nyingi zimesajiliwa Bahamas au Panama, kwa hiyo zikishatoka kwenye maji ya Marekani sheria hiyo haizibani moja kwa moja. Lakini abiria wengi ni Wamarekani, na tiketi za kampuni hizi husema madai yapelekwe mahakama za Miami. Wakili wa kampuni anafikiria chumba chenye vijana wanne wa miaka 19, mlango umefungwa, chupa imenunuliwa na rafiki wa chumba cha jirani. Mmoja akianguka, swali la kwanza mahakamani litakuwa: nani alikuwa na dhamana juu yao? Kanuni ya 21 inahakikisha kuna jina la kujibu swali hilo.

Wala hakuna sheria ya shirikisho inayozizuia kampuni kuweka kanuni hiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza hoteli na migahawa kuwabagua wateja kwa rangi, dini au asili ya taifa. Umri haumo.

Hoja ya usalama peke yake, hata hivyo, inavuja. Kwa kanuni za Royal Caribbean, wanandoa wa miaka 19 wakionyesha cheti cha ndoa wanapewa chumba chao, lakini dada wawili wa miaka 20, watulivu kama maji ya mtungini, wanarudishwa. Sijui ni lini cheti cha ndoa kilianza kumzuia mtu kulewa. Tena Marekani hiyohiyo ilishusha umri wa kupiga kura hadi 18 mwaka 1971, na mwenye miaka 18 anaweza kuingia jeshini kwa saini yake mwenyewe. Na Bunge la nchi hiyo lilipoamua kushughulikia usalama melini, halikugusa umri. Mwaka 2005 bwana wa miaka 26 aliyekuwa kwenye fungate alitoweka kutoka meli ya Royal Caribbean iitwayo Brilliance of the Seas kati ya Ugiriki na Uturuki. Familia za waathirika zilipiga kelele miaka kadhaa hadi ikapatikana sheria ya 2010, iliyodai kingo za sitaha zifike inchi 42, milango ya vyumba iwe na tundu la kuchungulia, na uhalifu uripotiwe FBI, wapelelezi wa shirikisho. Mambo hayo yanamlinda mwenye 19 na mwenye 60 sawasawa.

Halafu kuna ule mchezo ambao kila mzoefu wa meli anaujua. Baba na mama wanakata vyumba viwili: kwenye karatasi baba analala na mtoto mmoja, mama na mwingine. Wakishapanda, wanakwenda kaunta ya huduma kuomba kadi za ziada za milango, kisha wazee wanahamia chumba kimoja na vijana kingine. Wafanyakazi wanajua, na kadi wanazitoa. Kwa hiyo kilichokuwa kikilindwa ni orodha ya majina. Hata siku ya kuzaliwa inahesabiwa kikaratasi: Royal Caribbean hutazama umri wa siku ya kuondoka, na anayetimiza 21 njiani lazima aende kuomba rekodi yake ibadilishwe ndipo auziwe kinywaji.

Mimi ningependelea 18 popote, na pombe idhibitiwe baani, ambako tayari kila kadi inaonyesha umri wa mwenyewe. Lakini nikiri kwamba si mimi nitakayeshtakiwa Miami.

Wakati familia inabishana juu ya 18 na 21, karatasi nzito zaidi zinasahaulika. Raia wa Marekani akienda safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya huko anaweza kupita kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali. Mwenzake wa chumba mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hana nafasi hiyo. Mwenye grinikadi aibebe pamoja na pasipoti. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anahitaji fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake, yenye saini ya safari ya ofisa wa chuo, isiyozidi mwaka mmoja. Kama viza yake imekwisha muda lakini hadhi yake ya uanafunzi ni hai, kwa kawaida anaweza kurudi kutoka Mexico, Kanada au visiwa vya Karibi, Cuba ikitolewa, mradi hakuzidi siku 30. Ila aende na maandishi ya kanuni hiyo, maana karani wa kupandisha abiria huenda hajawahi kuisikia.

Na kuna karatasi moja ambayo mzazi hawezi kuiandika kabisa. Akishatimiza 18, kijana huyo ni mtu mzima kwa sheria za faragha za afya za Marekani. Akilazwa Nassau, huko Bahamas, na kurudishwa hospitali ya Florida, daktari anaweza kukataa kuzungumza na mama aliye kwenye simu. Dawa ni kijana mwenyewe kusaini, kabla ya safari, idhini ya kutoa taarifa zake za tiba na hati ya kumteua mzazi amwamulie akiwa hajitambui. Aongeze bima ya safari inayolipia kuondolewa melini kwa dharura, kwa kuwa zahanati ya meli huweka gharama kwenye akaunti ya abiria, na bima nyingi za afya za nyumbani haziifuati meli baharini. Nakala moja ibaki kwa mama, nyingine iwe kwenye simu ya yule rafiki wa chumba kimoja.