Chokoleti inachangamsha, lakini kwa muda gani?

Kila Siku ya Wapendanao inapokaribia, yale madai hurudi: chokoleti huondoa mawazo, ina kemikali ya furaha. Wanaosema hivyo hawakubuni tu. Kakao ina theobromini, kafeini kidogo na feniletilamini, ambayo ndiyo hasa husifiwa kwa kuchangamsha ubongo. Lakini ukiila, sehemu yake kubwa huvunjwa na vimeng'enya mwilini kabla haijafika huko kichwani.

Jaribio linalonishawishi zaidi lilichapishwa Marekani mwaka 1994 na watafiti Michener na Rozin. Watu wenye uchu wa chokoleti walipewa, kila uchu ulipowashika, ama chokoleti ya maziwa, ama nyeupe, ama vidonge vya unga wa kakao, ama vidonge vitupu visivyo na kakao. Vile vya kakao vilibeba kemikali zinazosifiwa, ila havikuwa na ladha wala harufu ya chokoleti. Havikufua dafu. Chokoleti nyeupe, isiyo na unga wa kakao bali mafuta yake tu, ilipunguza uchu kiasi. Ya maziwa ndiyo iliyoutuliza hasa. Mwenye kazi, basi, ni ulimi.

Kweli, hapo kilichopimwa ni uchu, si huzuni. Huzuni ilipimwa Ujerumani na Macht na Mueller, mwaka 2007: waliotiwa majonzi makusudi walipata nafuu baada ya kula kipande cha chokoleti tamu, lakini si ile isiyopendeza mdomoni. Baada ya dakika 3 nafuu hiyo ilikuwa imefifia kwa kiasi kikubwa. Ni fupi, lakini ni nafuu, na sioni sababu ya kumnyima mtu.

Kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha upesi, mambo ni mengine. Mwaka 2010 watafiti wa California walikuta wenye dalili zake wakila chokoleti nyingi kuliko wenzao. Mwaka 2019 uchambuzi wa takwimu za Wamarekani zaidi ya 13,000 ukaonyesha walaji wa chokoleti nyeusi wana dalili chache. Nani mkweli? Pengine wote, maana kila utafiti uliwapiga watu picha ya mara moja, na picha haisemi kilichotangulia. Mwenye sonona anaweza kukimbilia vitamu ajiliwaze. Mwingine sonona humwondolea hamu hata ya alichokuwa akikipenda, akaonekana kwenye takwimu kama mtu anayeugua kwa kukosa chokoleti.