Sare ya 10-10: tumlaumu Parseghian au tulaumu kura?

Imebaki dakika moja na sekunde kumi, ubao unasoma 10-10. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi. Mpira wanao chuo cha Notre Dame, kwenye yadi 30 ya upande wao, na watu 80,011 waliofurika Spartan Stadium, East Lansing, nyumbani kwa chuo cha Michigan State, wanangoja pasi ndefu. Kocha Ara Parseghian anaagiza vijana wakimbie na mpira katikati ya msitu wa mabeki, wachume yadi mbili tatu, saa iende. Wachezaji wa Michigan State wanawazomea usoni. Mpira ukaisha hivyo hivyo.

Ilikuwa 19 Novemba 1966, timu ya kwanza na ya pili katika futiboli ya vyuo vya Marekani, ambako bingwa alipatikana kwa kura, si kwa fainali; zote hazijafungwa. Juma lililofuata Notre Dame wakaichapa USC 51-0 wakapewa ubingwa. Hadi leo wapo wanaosema ni ubingwa wa kula muda.

Lawama hiyo ina uzito. Ratiba ya Michigan State ilikuwa imekwisha, na kanuni ya ligi yao ya Big Ten iliwazuia kurudi Rose Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu, mwaka wa pili mfululizo. Notre Dame walibakiwa na mechi ya kuwashawishi wapiga kura. Sare iliwafaa wao tu, na Parseghian alilijua hilo.

Lakini tazama alichokuwa nacho mkononi. Nick Eddy, mkimbiaji wake tegemeo, aliteleza akishuka kwenye treni akaumia bega. Terry Hanratty, mrusha pasi, alitolewa robo ya kwanza baada ya kuangukiwa na Bubba Smith, jitu lile. Aliyeingia, Coley O'Brien, alikuwa na kisukari, na ndiye aliyewaongoza kusawazisha walipokuwa nyuma 10-0. Katika dakika hiyo hiyo ya lawama, Notre Dame walicheza kamari jaribio la nne, la mwisho la kutimiza yadi kumi la sivyo mpira unakwenda kwa wapinzani, wakiwa nusu yao. Wangekosa, Michigan State wangepata mpira karibu na goli. Tena mpira ule ulifikaje kwao? Duffy Daugherty, kocha wa Michigan State, aliamua kuupiga mbali badala ya kujaribu yadi chache zilizobaki. Mbona yeye hazomewi?

Kwangu mimi, mwenye malalamiko mazito zaidi hakuwepo uwanjani siku ile. Alabama, chuo cha Kusini mwa Marekani, bingwa wa 1964 na 1965, walimaliza 11-0 na kuifunga Nebraska 34-7 kwenye Sugar Bowl, mechi nyingine ya kufunga msimu, ila kura zilikwishafungwa, wakaachwa nafasi ya tatu. Kwa hesabu tupu walionewa. Ila timu yao ilikuwa ya weupe watupu, ilhali Michigan State ilijengwa na vijana weusi ambao vyuo vikubwa vya Kusini havikuwataka: Smith na Gene Washington wa Texas, George Webster wa South Carolina, Jimmy Raye wa North Carolina. Ukiwafungia mlango wachezaji wa namna hiyo, rekodi yako isiyo na doa nami naipunguzia bei kidogo.

Muda wa nyongeza, ambao ungeamua sare kama hii, ulifika mechi za kawaida za msimu katika ngazi ya juu ya mchezo huo mwaka 1996. Kwa msimu ule, uamuzi ninaoukubali ni wa waliotoa kombe la MacArthur, mojawapo ya tuzo za ubingwa: waliwapa Notre Dame na Michigan State kwa pamoja.