Usiitupe Siklameni Iliyolala

Oktoba iliyopita nilimkuta jirani yangu akielekea shimo la taka na chungu cha siklameni, mmea wa maua wa sebuleni, niliyoitamani tangu Juni, ilipokuwa imejaa maua. Majani yote yalikuwa ya manjano, yamelala. "Imekufa hii, dada," akaniambia. Nilimwomba anipe. Nilipofukua kwa kidole, kiazi kilikuwa kigumu, kizima kabisa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu sisi ni watu wa Mbeya. Nani hapa asiyejua viazi? Mkulima wa milima yetu ya Uporoto hatupi mbegu eti haijachipua. Huihifadhi kivulini akasubiri. Siklameni nayo ina kiazi. Kwao ni mashariki ya Mediterania, Uturuki, Siria na Lebanoni, ambako mvua huja na baridi, na kiangazi ni joto na ukavu. Joto likiingia, huacha majani yake na kulala. Hata ukiileta sebuleni, mitaa yetu ya Forest au Soweto, haisahau.

Ikianza kuwa ya manjano, punguza maji kidogo kidogo hadi uache. Iweke stoo, pasipo joto wala mvua, miezi miwili mitatu. Ukiona vichomozo vya majani, ibadilishie udongo na urudishe maji.

Ikiwa macho, inataka baridi, nyuzi 10 hadi 18 hivi. Ile baridi ya Juni na Julai inayotuvalisha makoti ndiyo raha yake. Kwa hiyo naomba sana, msiihurumie mkaisogeza karibu na jiko la mkaa. Nimeona maua yakinyauka ndani ya siku chache kwa huruma hiyo. Dirisha lenye mwanga, lisilopigwa na jua la mchana, linaitosha.

Maji ndiyo yanayoua nyingi. Ukimimina juu ya kiazi, yanatuama katikati ya vikonyo, ukungu wa kijivu unaingia na kiazi kinaoza. Weka chungu kwenye sahani ya maji kwa nusu saa, kinywe kwa chini, kisha mwaga yaliyobaki. Subiri udongo ukauke juu kabla ya kurudia. Mgongo wa kiazi uachwe nje ya udongo. Mimi huchanganya mboji na vile vijiwe vyepesi vya volkano, maji yasikae. Ua likizeeka, lizungushe kikonyo na kulivuta kutoka shinani. Ukikata kwa mkasi, kisiki kinachobaki huoza.

Kiazi chake kina sumu, kwa hiyo kisifikiwe na watoto wala mbwa.

Kile cha jirani kilikaa stoo hadi Januari. Mwezi wa pili kilitoa jani la kwanza, dogo kama kifungo, lenye michoro ya rangi ya fedha. Machi nilimrudishia chungu chake kikiwa na majani saba.