Rambirambi za Mjomba Aliye Hai

Nilipoamua kuuza nyumba yangu ya Ipagala, jijini Dodoma, nilijivunia zaidi makaratasi yake, kwa maana hati yangu ni ya miaka 99, tofauti na zile za miaka 33 zilizokuwa zikitolewa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kabla haijavunjwa mwaka 2017. Dalali aliigeuza ile hati mara moja, akanirudishia, akasema kwamba mteja huamua akiwa bado getini, na akishakunja uso pale, hati hutaitoa hata kwenye bahasha.

Mteja mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, naye angefika Jumamosi saa nne asubuhi. Ulikuwa mwezi wa Agosti, majira ambayo upepo wa Dodoma humwaga vumbi jekundu hata ndani ya kikombe cha chai, hivyo niliamka alfajiri nikafagia uwanja na kuunyunyizia maji. Kwa kuwa sina mti wa kivuli, niliazima turubai, nikalifunga mbele ya nyumba, na chini yake nikapanga viti kumi na viwili vya plastiki pamoja na mkeka, ili mteja na familia yake wapate pa kupumzikia. Usiku wake tulikuwa tumekaanga dagaa na harufu ilikuwa imegoma kutoka, kwa hiyo mke wangu akafukiza ubani vyumba vyote.

Ukabaki ufa. Unaanzia kwenye lenta ya dirisha la sebule na kushuka hadi usawa wa kiti, na picha pekee niliyokuwa nayo yenye ukubwa wa kuuficha ilikuwa ya mjomba wangu, iliyokuzwa kwa ajili ya jubilei ya ndoa yake. Niliitundika, na kwa kuwa ufa bado ulichungulia pembeni, nikaizungushia maua ya plastiki. Mjomba mwenyewe, aliyekuja kutoka Mpwapwa kutengenezewa miwani, nilimwomba abaki chumbani hadi wageni waondoke, kwa sababu ulimi wake hauna kufuli na ufa huo alikuwa ameusema tangu siku aliyofika.

Msomaji anayeishi uswahilini ameshaelewa nilichokuwa nimekiandaa. Mimi sikuelewa.

Saa tatu waliingia kina mama wawili waliojitanda kanga, wakakaa mkekani kimya, nami nikadhani wamekuja kumchungulia mteja. Nilipotoka kuoga walikuwa wamefika kumi na tano. Mmoja alibeba kuni, mwingine kilo tano za unga, na mzee mmoja wa mtaani alikuwa amekwishafungua daftari la rambirambi kwenye kiti nilichokuwa nimemtengea mteja. Kabla sijauliza, mama muuza vitumbua alinishika mikono yote miwili. "Pole sana, Baba Neema," alisema. "Juzi tu nilimwona akiota jua." Kisha akaangua kilio, na wenzake wakampokea.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia wakati gari la mteja liliposimama getini. Dalali alishuka, akatazama turubai, akavua kofia. Mteja, ambaye ni mtu mwenye adabu zake, hakuuliza bei wala hati. Alitoa noti tano za shilingi 10,000, akaandikwa daftarini, akaomba kuingia ndani kutoa pole kwa familia, na alipoiona ile picha yenye maua akasimama mbele yake akiwa ameinamisha kichwa.

Ndipo mlango wa chumba ulipofunguka, mjomba akatoka na miwani mpya usoni, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kisha akauliza kama chai ya wageni imebaki.

Mteja alimtazama mjomba, akaitazama picha, akamtazama mjomba tena, halafu akarudi nyuma kwa kasi hadi bega lake likaupiga ukuta. Picha ilianguka na maua yake. Hofu ilimtoka papo hapo, kwani alisogea karibu, akaingiza vidole viwili kwenye ufa, vikazama vyote. "Na huu," aliniuliza kwa upole, "nao mlitaka kuuzika?"

Aliondoka na noti zake tano. Kuwarudishia wengine kulichukua hadi adhuhuri, na mwenye unga hakurudishiwa chochote kwa sababu unga ulikuwa umekwishasongwa ugali. Mjomba aliula ugali huo kwa mlenda mbele ya waombolezaji wake, akanawa mikono, akaagiza aletewe lile daftari. Alishuka nalo jina kwa jina, kidole juu ya karatasi, hadi kidole kikasimama.

"Huyu wa shilingi 1,000," aliuliza kwa sauti iliyofika hadi mkekani, "ni nani?"