Mkaa wa mkulagembe kwenye jiko la Havana

Mgahawa wa nyama choma mimi nauhukumu kwa moto wake. Mapambo ya ukutani, orodha ndefu ya vyakula, bendi ya watu watatu inayozunguka mezani ikipiga wimbo uleule, yote hayo nayaweka kando. Ukikulia Dar es Salaam, ambako kila mtu ana baa yake anayoapa kwamba hakuna wanaochoma mbuzi kuwashinda pale, kipimo kingine utakitoa wapi? Ndiyo maana rafiki yangu aliyesomea udaktari Kuba aliponipeleka kula kwenye mgahawa mdogo wa makaa huko Habana Vieja, mji mkongwe wa Havana, nilitafuta jiko kabla sijavuta kiti.

Lilikuwa hadharani, kwenye ua wa ndani wa nyumba ya zamani yenye dari refu. Mchomaji alikuwa mtu mzima mwenye taulo begani, na haraka hakuwa nayo hata chembe. Makaa aliyasukumia upande mmoja kwa kipande cha chuma, upande wa pili akabakiza machache tu, kisha akaweka kiganja juu ya wavu, akatulia kidogo, akarudisha vipande viwili vitatu. Wavu aliusugua kwa nusu kitunguu kilichochomekwa kwenye uma na kuchovywa mafuta. Cheche hazikuruka, wala hapakuwa na moshi wa kuliza macho. Nyama ikalazwa upande wa makaa machache, ngozi juu, ikaachwa pale kwa muda ambao mteja wa Sinza angekuwa ameshamwita mhudumu mara tatu na kuanza matusi.

Nikauliza mkaa ni wa mti gani. Marabú, akajibu, kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani mkorofi.

Mti huo tunao. Wataalamu wanauita Dichrostachys cinerea, sisi tunauita mkulagembe, na Wasukuma wanauita mtundulu. Aliyewahi kuchunga ng'ombe bara ataukumbuka: miiba migumu, maua yanayoning'inia nusu rangi ya zambarau nusu njano, na maganda yaliyojisokota ambayo mifugo huyapenda. Kwao ni Afrika. Kuba ulifika karne ya 19, na huko ukawa gugu. Ng'ombe wanakula maganda, wanazitawanya mbegu kwenye kinyesi, na ukiukata unachipua upya kutoka mizizini.

Kilichoufungulia mlango ni kuanguka kwa sukari. Muungano wa Sovieti ulipovunjika mwaka 1991, Kuba ilipoteza mnunuzi wake mkuu pamoja na mafuta ya kuendeshea matrekta, na mwaka 2002 serikali ikaamua kufunga karibu nusu ya viwanda vyake vya sukari. Mashamba ya miwa yaliyobaki bila mwenyewe yakachukuliwa na marabú. Mwaka 2007 Raúl Castro, aliyekuwa akikaimu urais, akihutubia mjini Camagüey sherehe za mapinduzi za Julai 26, aliwaambia watu kwa kejeli kwamba kitu kilichompendeza zaidi njia nzima ni jinsi marabú ilivyostawi kandokando ya barabara.

Basi wakaanza kuuchoma. Ukiwa mkaa, ule ugumu uliowashinda wenye mashoka unageuka sifa, maana mkaa wake ni mzito, una joto kali na haufi upesi. Tanuri lao ni la kienyeji, na yeyote aliyepita vijiji vya Morogoro au Tabora atalitambua: magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, moto unaachiwa hewa kidogo sana, na mtu analala hapohapo siku kadhaa akiziba nyufa, kwa sababu ufa mmoja ukiachwa mkaa wote unageuka majivu. Ni kazi ya watu maskini, huko kama huku. Kwenye vinamasi vya Zapata wachoma mkaa walikuwa mfano wa ufukara wa nchi nzima, hata kiongozi wa mapinduzi, Fidel Castro, akachagua kula chakula cha mkesha wa Krismasi wa mwaka 1959 kwao, kijiji cha Soplillar. Na Januari 2017, Marekani ilipopokea bidhaa ya kwanza halali kutoka Kuba baada ya zaidi ya miaka 50, haikuwa sigara wala ramu. Ilikuwa tani 40 za mkaa wa marabú, kwa dola 420 kila tani.

Hadithi hiyo haikuandikwa popote mle mgahawani. Ukutani walitundika picha za magari ya miaka ya 1950, kama kila mahali Havana. Kwangu mimi hapo wamekosea: kitu cha pekee walichonacho wamekificha kwenye magunia nyuma ya mlango.

Haya, chakula. Nyama ya nguruwe ndiyo mfalme pale, na mchuzi wake unaitwa mojo: maji ya madanzi, vitunguu saumu vingi bila aibu, oregano na bizari nyembamba kidogo. Unaingia kwenye nyama usiku kucha, na mwingine unamwagiwa juu ikishaiva. Kitimoto cha Dar kinakaangwa au kuchomwa kwa moto mkali, kinapendeza kwa pilipili na ndizi, sikidharau. Hiki kilikuwa kitu kingine. Ngozi ilikauka ikawa inavunjika kwa kisu, chini yake mafuta yalikuwa yameyeyuka karibu yote, na nyama ilichambuka yenyewe. Uchungu wa danzi ulifanya kazi ambayo ndimu peke yake haiwezi. Pembeni palikuwa na muhogo wa kuchemsha uliolainika mpaka ukapasuka, nao ukamwagiwa mojo ya moto. Wali uliopikwa pamoja na maharagwe, wanaouita congrí. Na ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa bapa, zikakaangwa tena. Mswahili hahitaji kufundishwa namna ya kuila sahani hiyo.

Kuku alikuwa wa kawaida, na sishangai. Kuku wengi wanaoliwa Kuba ni wa kugandishwa kutoka Marekani. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Kuba vya mwaka 1962 bado vipo, ila sheria ya mwaka 2000 inaruhusu chakula kuuzwa kwa fedha taslimu. Kuku aliyesafiri hivyo anatoa maji kwenye wavu badala ya mafuta, na hata mkaa mzuri kiasi gani hautamwokoa.

Udogo wa mahali unaosifiwa na wageni, meza chache, mama mwenye nyumba akipita kuuliza kama mmeshiba, haukuanza kama mtindo. Serikali iliporuhusu rasmi migahawa ya majumbani mwaka 1995, mwisho ulikuwa viti 12, wahudumu wawe watu wa familia, na nyama ya ng'ombe, kamba na kambakochi marufuku. Viti vikaongezwa hadi 20, mwaka 2011 vikafika 50, na siku hizi kuna migahawa mikubwa yenye ghorofa mbili na mlinzi mlangoni. Nimekula kwenye mmoja wa aina hiyo pia. Nyama ilitoka jikoni imeshakatwa, imeshapoa, na hakuna aliyejua mkaa ni wa mti gani.

Kuna jambo lingine halimezeki kirahisi. Katikati ya miaka ya 2000 serikali iligawa majiko, masufuria ya wali na ya mvuke yanayotumia umeme nchi nzima, mpango uliokuwa na maana wakati umeme ukiwepo. Oktoba 18, 2024 mtambo wa Antonio Guiteras huko Matanzas ulizimika, na kisiwa kizima kikaingia gizani. Tangu hapo umeme umekuwa wa kubahatisha, na familia nyingi zinapikia mkaa barazani kwa sababu sufuria la umeme limegeuka kabati. Kwa hiyo makaa yaleyale yanayomfanya mtalii afumbe macho kwa raha ni kero kwa jirani wa ukuta wa pili. Bili yetu ya watu wawili ilizidi peso 2,100 za Kuba, kima cha chini cha mshahara wa mwezi mzima kilichowekwa mwaka 2021. Nililipa, na sioni kwamba kususa kungemsaidia mtu. Mle ndani kulikuwa na watu wanaolisha familia kwa kazi ile. Nisichokubali ni mgeni kutoka pale akatangaza kwamba ameonja maisha ya Wakuba.

Wala sitaki nisomwe kama mpiga debe wa mkaa. Serikali yetu inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na sina ugomvi na lengo hilo, kwa sababu mkaa wetu unakula misitu ya miombo. Mkaa wa Havana unakula gugu. Hesabu zao na zetu ni mbili tofauti.

Kwa atakayefika: kambakochi muache. Kila mgahawa unamsifia na bei yake ni ya mgeni, lakini akikaa kwenye makaa dakika mbili za ziada anakuwa mpira, na kila nilipomwona mezani kwa watu alikuwa amekaa hizo dakika mbili. Asiyekula nguruwe aagize pargo, samaki mwekundu anayefanana na changu, mzima na kichwa chake. Ila congrí mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo omba wali mweupe. Na kuhusu wavu, usimuulize mhudumu, maana atakujibu ndiyo kwa kila kitu. Nenda kwa mchomaji mwenyewe, umuombe ausugue upya na akutengee upande usioguswa na nguruwe. Yule wetu alikuwa na wavu wa pili, mdogo, aliouweka kwa ajili ya samaki tu.