Nani ana mamlaka ya kusimamisha upasuaji? Mjadala wa mtaalamu wa kuzuia maambukizi hospitalini

Septemba 27, 2024, Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg, ndugu wa virusi vya Ebola. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha, Desemba 20, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa hospitali kubwa mbili za Kigali. Mfumo wa afya wa Rwanda unasifiwa, na sifa hiyo ilijidhihirisha katika matibabu, kwa kuwa waliofariki hawakufika robo ya wagonjwa, jambo la nadra kwa Marburg. Hata hivyo, kabla ugonjwa haujajulikana ni upi, wauguzi na madaktari walikuwa wameshaambukizwa wakiwa kazini. Januari 2025 ikawa zamu ya Uganda: mgonjwa wa kwanza kutambuliwa katika mlipuko mpya wa Ebola alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, Kampala, na alikuwa ameshafariki.

Kila msiba wa namna hii unafufua swali ambalo waganga wafawidhi wa Afrika Mashariki wamelizoea. Je, kila hospitali iajiri mtaalamu wa kuzuia na kudhibiti maambukizi, asiye na kazi nyingine? Au iendelee kumpa jukumu hilo muuguzi ambaye tayari ana wodi, kliniki na ripoti za mwisho wa mwezi? Wahudumu wenyewe huiita kazi hii IPC, na katika hospitali nyingi "mtu wa IPC" ni yule aliyewahi kwenda semina.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina msimamo wake: hospitali kubwa iwe na walau mtaalamu mmoja wa muda wote kwa kila vitanda 250, na vituo vya ngazi ya msingi viwe na mtumishi aliyefundishwa na kutengewa muda. Idadi hiyo ya vitanda ina chimbuko lake. Uingereza ilikuwa na muuguzi wa kwanza wa kazi hii mwaka 1959, katika Hospitali ya Torbay. Baadaye Marekani ilifanya utafiti mkubwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 1985 yalionyesha kwamba hospitali zilizofuatilia maambukizi kwa dhati, zikawa na muuguzi mmoja wa kazi hiyo kwa vitanda 250 pamoja na daktari mwenye mafunzo, zilipunguza maambukizi kwa asilimia 32 hivi. Zile ambazo hazikuwa na mpango wowote ziliona maambukizi yakiongezeka.

Wanaopinga hawapingi takwimu hizo. Wanauliza kama zinatufaa sisi, na wana haki ya kuuliza.

Hoja yao ya kwanza ni ikama, yaani idadi ya watumishi. Usiku, muuguzi mmoja au wawili kuhudumia wodi nzima ya wazazi si habari ngeni kwa yeyote aliyewahi kulaza ndugu. Ukimtoa mmoja ukamkabidhi daftari la kukagua mikono ya wenzake, mama anayevuja damu saa nane usiku anabaki na nani? Ya pili ni vifaa. Kwa takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2022, nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono, yaani maji na sabuni au kitakasa mikono pale wagonjwa wanapohudumiwa na pia chooni. Mtaalamu atafundisha nini mbele ya bomba kavu? Ya tatu naiona nzito kuliko hizo mbili: akishatajwa mmoja kuwa mwenye kazi hii, wengine wote hutua mzigo. Glovu zimeachwa juu ya kabati, sindano imetupwa nje ya kisanduku chake, na jibu linakuwa "muulizeni mtu wa IPC."

Hoja hizi zingenishawishi kama kazi ya mtaalamu huyu ingekuwa kusimama karibu na sinki kuhesabu nani kanawa. Kwa bahati mbaya, hivyo ndivyo wengi wanavyoielewa, na baadhi ya hospitali ndivyo zinavyoitumia. Kazi yenyewe ni pana zaidi, na haionekani kirahisi.

Tuchukue mshono wa upasuaji wa kujifungua. Mama anaruhusiwa siku ya tatu au ya nne akiwa anatembea vizuri. Siku ya tisa mshono unatoa usaha. Anakwenda zahanati ya jirani, anaoshwa kidonda, anapewa dawa, yamekwisha. Chumba cha upasuaji hakipati habari, na kwenye kitabu chake mama huyo ameandikwa kuwa alitoka salama. Kwa taratibu za kitaalamu, kidonda cha namna hii kinapaswa kufuatiliwa kwa siku 30. Nani atapiga simu? Muuguzi wa zamu hawezi, naye tayari amepokea kina mama wengine. Mtu mwenye kazi hiyo tu ndiye anayeweza kupiga, kuandika, na baada ya wiki kadhaa kugundua kwamba mishono inayooza mingi ni ya siku moja ya juma, au ya seti fulani ya vifaa.

Hapo anaanza kufuatilia kinyumenyume. Vifaa vilitakaswa kwa mvuke, na utepe wa nje umebadilika rangi kama inavyotakiwa. Lakini utepe ule unaonyesha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Hauthibitishi kwamba mvuke umefika katikati ya nguo na mikasi iliyofungwa kwa kubanwa. Kisha anauliza mama alinyolewa na nani, kwa kitu gani. Bado kuna maeneo ambako mjamzito huambiwa aje na wembe katika vifaa vyake vya kujifungulia. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji unakataza kunyoa kwa wembe, kwa sababu unaacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu hujikusanya. Nywele ziachwe, au zikipaswa kuondolewa zipunguzwe kwa mashine. Badiliko hili halidai mtambo wa mamilioni. Linadai mtu anayesoma miongozo mipya na mwenye nguvu ya kubadili kinachoandikwa kwenye orodha ya kliniki.

Jiki nayo ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi wahudumu wetu walifundishwa kuloweka vifaa vyenye damu katika dawa ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi kabla ya kuviosha. WHO sasa haipendekezi hivyo: klorini hula chuma, na damu huipunguza nguvu. Vifaa vinahitaji kuoshwa vizuri kwanza. Ukitembelea vyumba vya kujifungulia leo utaona mabeseni yale yale yamepangwa, na wanaoyapanga ni watu makini wanaotekeleza walichofundishwa. Ni nani aliyepewa kazi ya kuwapelekea habari?

Ndiyo maana hoja ya ikama naikubali nusu tu. Upungufu wa wauguzi ni wa kweli. Lakini kwa makadirio ya WHO, katika nchi za kipato cha chini na cha kati wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hospitalini hupata maambukizi humo humo, na mmoja kati ya kila 10 walioambukizwa hufariki. Wanaopona hukaa kitandani siku nyingi zaidi, wakihitaji kubadilishiwa bandeji na kuchomwa sindano za antibayotiki za gharama. Mikono inayofanya kazi hiyo ni ya wauguzi wale wale tunaosema hawatoshi.

Kuhusu vifaa, Yambuku inafundisha mengi. Mwaka 1976, katika hospitali hiyo ya misheni kaskazini mwa Kongo, kliniki ya wagonjwa wa nje ilipewa sindano tano kila asubuhi, zikatumika mtu baada ya mtu. Ebola ikapita humo humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na hospitali ilifungwa baada ya watumishi 11 kati ya 17 kufariki. Sindano hazikutosha, ni kweli. Lakini mtu wa kusema kwamba sindano zikiwa tano hatuchomi watu wote hawa, naye hakuwepo.

Kwa hiyo naunga mkono nafasi hii ya ajira, kwa masharti. Ianzie hospitali za rufaa, za mikoa na zile za wilaya zenye upasuaji mwingi. Zahanati yenye watumishi watatu haihitaji mtaalamu wa muda wote, inahitaji kutembelewa na anayejua. Sharti kubwa zaidi ni mamlaka. Muuguzi atawezaje kumwambia daktari bingwa avue saa mkononi, wakati tathmini yake ya mwaka inaandikwa na watu wa chumba hicho hicho cha upasuaji? Aripoti moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, na awe na idhini ya maandishi ya kusimamisha upasuaji usio wa dharura pale vifaa visipothibitika kuwa safi. Asipopewa idhini hiyo, wapinzani watakuwa sahihi: tutakuwa tumempunguza muuguzi wodini na kuongeza cheo.

Awe pia na sauti katika mkataba wa usafi. Hospitali nyingi siku hizi hukabidhi usafi kwa kampuni, na anayebeba ndoo za taka zenye damu ni kibarua ambaye semina zetu hazimjui. Bei hupangwa na kitengo cha manunuzi, na mara nyingi anashinda aliyeandika kidogo. Mafunzo ya kibarua huyo, glovu zake nene, buti na chanjo yake ya homa ya ini aina ya B viandikwe ndani ya zabuni, na malipo ya mwezi yasitoke kabla mtaalamu hajasaini kwamba ameviona.