Na Sisi Tusio na Kipaji Tucheze Wapi?

Kila mheshimiwa anayeingia mtaani na mipira na jezi huja na maneno yale yale: "Tunakuza vipaji." Kombe la mbunge, kombe la mwakilishi wadi, michuano ya usiku wa Ramadhani, yote ni kukuza vipaji. Natamani nimsikie mmoja akisema amekuja kuwachezesha watu wasio na kipaji chochote. Kura yangu ataipata papo hapo.

Mimi ni wa kundi hilo. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, nikaupenda mpira kabla sijajua kusoma saa, nao haukunipenda hata siku moja. Nikiupiga huenda unakotaka wenyewe. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Mpira wa makaratasi ukikosewa huishia kwenye sinia ya viazi karai ya mtu, kwa hiyo asiyejua kupiga alikuwa hatari kwa biashara. Lakini wenzangu walikuwa waungwana, hawakunifukuza. Champali zangu zilikuwa kubwa, zikafaa kuwekwa goli. Basi nikawa mwenye goli: mechi haianzi mpaka nifike, na ikianza sina kazi. Dada zangu hata champali hawakuombwa.

Shuleni ndiko mambo yalikoharibika. Kipindi cha michezo kiligeuzwa hesabu kila mitihani ilipokaribia, na mashindano ya shule yalipofika, timu ikachukua kumi na mmoja na wa akiba, sisi mamia tukapangwa foleni kwenda kushangilia. Nyimbo za kushangilia tulifundishwa vizuri, tena kwa mazoezi. Kukimbia hatukufundishwa.

Nikawa mtu wa masikio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyekulia hapa Freretown, alipotangaza mpira redioni hata asiyejua kupiga danadana alitokwa jasho. Alipofariki Februari 2025 wengi walimkumbuka kwa kipindi chake cha adabu. Mimi nilimlilia mtangazaji wa mpira. Redio ilipozimwa kulikuwa na baraza. Wazee wa kahawa bado wanasimulia timu yetu ya Feisal ilivyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, utadhani ni juzi. Ukiuliza habari za karibu, utaambiwa timu ya Bandari na kombe la ngao la 2019, kisha mtu anaagiza kashata.

Ila siku ninayoisimulia mimi si ya mpira. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia ziliandaliwa kwenye uwanja wa gofu, pale ukingoni mwa bahari. Mnajua joto la Machi: Kaskazi imechoka, Kusi haijaingia, hata kivuli kina jasho. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Wanaume walikimbia kilomita 12, naye mzunguko wa mwisho ukamshinda, akatoka. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Kwa wanawake akashinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Nisamehewe, lakini nilifurahi kidogo. Mwanariadha bora kuliko wote alikuwa amefanywa na joto letu vile ninavyofanywa mimi nikipanda ngazi za soko.

Sasa niseme linaloniudhi. Uwanja wa manispaa ulibomolewa ujengwe upya, kazi ikakwama miaka na miaka. Kombe la CHAN, la timu za taifa za Afrika zenye wachezaji wa ligi za nyumbani tu, lilipokuja Kenya mwaka 2025, mechi zote za huku zilichezwa Nairobi. Watu wa Mombasa walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini malalamiko yote yalihusu timu na viti vya kutazamia. Hakuna aliyeuliza mwenye duka wa Majengo, mwenye kitambi, sukari na presha, akitaka kupiga mpira jioni aende wapi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Halikusema dakika hizo ni za wenye vipaji.

Walioliona hili mapema ni kina mama. Alfajiri wako kando ya bahari pale Mama Ngina, buibui na raba, wanatembea na kusengenya bila kumsubiri kocha. Sisi wanaume tunaona haya kutembea tu. Tunataka ionekane ni mchezo, tena wenye mshindi.

Kwa hivyo mimi huenda ufuo wa Pirates maji yakipwa. Bahari ikirudi nyuma inaacha uwanja mpana kuliko wowote tuliojengewa, hauna geti wala mlinzi. Anacheza babu, anacheza mgeni wa bara aliyekuja kuogelea na tyubu la gari, na mtoto anapiga chenga watu wazima bila adabu. Hakuna anayeulizwa nambari anayocheza. Nimewahi kufunga goli huko, ingawa kipa alikuwa akipokea simu. Maji yakianza kujaa, mechi imekwisha, na hakuna wa kumlaumu refa.

Ndiyo maana mheshimiwa akirudi namwomba kitu kidogo: kiwanja kimoja tu kisichouzwa, taa zinazowaka, na jioni moja ya wiki ambayo wenye vipaji watakaa nje watushangilie. Kombe asilete. Jezi alete, ila ziwe za saizi kubwa.